Boti ya Kipini: siku mbili kwenye mdomo wa Mto Tana, na kikombe cha bati

Naanza na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa kwanza. Mwezi uliopita nililipa shilingi 6,500 kwa siku mbili na usiku mmoja: boti, nahodha, chakula mara nne na kitanda chenye chandarua. Msitu wa siku ya tatu ni ziada, shilingi 3,000 kwa mtu mkiwa wanne garini. Huduma hii inaendeshwa na familia moja ya Kipini, baba na wanawe wawili upande wa boti, mama na dada zake upande wa jikoni. Hawana ofisi wala kibao barabarani. Unawapigia simu, na kabla hawajakubali pesa zako wanakuuliza swali moja: unataka bamvua au maji mafu? Mimi sikujua tofauti. Nahodha akaniambia, "Basi njoo bamvua, dada. Utaona mto unavyovutana na bahari." Nashukuru nilimsikiliza, na wewe unayesoma hapa ukipanga kwenda, chagua bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa sana; maji mafu ni zile siku za katikati ambapo hupanda kidogo tu.

Nieleze pia mimi ni nani, kwa sababu safari hii imenigusa mahali ambapo pengine haitamgusa kila mtu. Mimi ni fundi wa stima. Nafanya kazi Mombasa mwaka wa 14 sasa, nafunga nyaya za nyumba na kutengeneza majenereta. Lakini nimezaliwa Mbeere, kwenye vilima vinavyotazama bwawa la Kamburu. Utotoni nilisoma kwa koroboi huku nyaya nene zikipita juu ya shamba letu kwenda Nairobi. Mto Tana kwangu ulikuwa ni ziwa: maji yaliyosimama, ya kijani, yenye viboko jioni, na ukuta mmoja upande wa chini ambao hatukuruhusiwa kuukaribia. Mto wenyewe uliendelea nyuma ya ukuta ule, ukaenda zake. Sikuwahi kuuliza unakwenda wapi.

Kisha nikahamia Pwani, nikajifunza kwamba kuna laini ya stima ya kilovolti 220 inayotoka Kiambere, bwawa jingine la Mto Tana, hadi Rabai, karibu na Mombasa. Kwa hiyo maji ya Tana hufika Pwani kwa njia mbili. Moja ni ya nyaya, kufumba na kufumbua, hadi kwenye taa ya mteja wangu Bamburi. Nyingine ni ya mto wenyewe, polepole, ukipita Garissa, Hola na Garsen hadi baharini Kipini. Njia ya kwanza nimeila na kuivaa miaka 14. Ya pili nilikuwa sijaiona hata siku moja, na ndiyo sababu nilikata tikiti ya basi la Lamu.

Kufika si kazi ngumu. Unapita Malindi na Garsen, unashika njia ya Lamu pale Minjila, unashuka Witu, halafu bodaboda kama kilomita 20 hadi Kipini. Beba kitambulisho mkononi, si ndani ya begi kubwa, maana vizuizi vya polisi ni vingi na kila kimoja kinataka kukiona. Beba pesa taslimu pia. Mtandao Kipini huja na kuondoka, na siku niliyofika M-Pesa iligoma mpaka magharibi.

Tuliondoka gatini saa moja asubuhi, abiria saba, nahodha na mwanawe mkubwa. Boti ni ya faiba, ina turubai la kuzuia jua na mbao za kukalia zilizotandikwa mikeka ya ukindu. Walikuwemo wanafunzi wawili kutoka Malindi, mume na mke wenye mtoto wa miaka mitano, na bibi mmoja aliyekuwa akirudi kwao kijijini Ozi na aliyepewa lifti bila kulipa, jambo ambalo lilinipendeza. Huyo bibi alitusaidia kuliko tulivyodhani, kama nitakavyoeleza.

Kabla injini haijawashwa, nahodha alitoa kikombe cha bati kilichofungwa kamba, akachota maji pale pale gatini, akampa mwanafunzi aliyekaa karibu. "Onja, kisha tema." Chumvi tupu. Tukaenda kama robo saa, mikoko pande zote mbili, akazima injini, akachota tena. Chumvi. Mbele tena, akachota. Kila kituo kikombe kilizunguka boti nzima, hata mtoto alipewa, na akawa yeye ndiye wa kutangaza: "Bado chumvi!" Hakuna aliyetuambia sababu. Tulionja tu, na tulipoendelea tukaanza kutazama kingo kwa macho mengine. Mkandaa ukapungua, mchu ukabaki mmoja mmoja, mikindu na magugu ya maji vikatokea. Ulimi ukawa unaeleza kile ambacho jicho linaona.

Halafu tukafika mahali ambapo mto unapinda na kuna nafasi ya kuteremkia kwenye ukingo. Nahodha akachota, akaonja yeye mwenyewe kwanza, akanyamaza kidogo. "Hapa baba yangu alikuwa anachota maji ya kunywa," akasema. "Kaskazi nzima. Mama zetu walikuja na mitungi hapa hapa." Akanipa. Hayakuwa ya bahari, lakini usingeweza kuyanywa wala kupikia chai. Yalikuwa na ladha ya sufuria iliyochemshiwa chumvi ikasuuzwa vibaya.

Bibi wa Ozi akasema, "Sasa kaskazi tunanunua maji ya mtungi, mwanangu. Mto uko mlangoni."

Kwa ajili ya kituo hicho peke yake ningeipa huduma hii alama kubwa. Nimepanda boti za Wasini na za Watamu. Huko unaonyeshwa pomboo, unapewa embe, unarudi. Hapa nilipewa kikombe, na kikombe kikafundisha kuliko maneno.

Ozi tulishuka kwa saa mbili. Bibi alitupeleka kwenye mashamba ya mpunga nyuma ya nyumba, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nahodha alisisitiza bamvua. Watu wa pale hawana pampu wala mfereji wa saruji. Wanamwagilia kwa bahari. Usishangae, na mimi nilishangaa hivyo hivyo. Maji ya mto ni mepesi, ya bahari ni mazito. Bahari ikijaa huingia kwa chini kama ulimi, na kuyabeba yale maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mgongoni. Bamvua ikiwa kubwa, maji baridi yanapandishwa mpaka yanafurika ukingo na kuingia mashambani yenyewe. Mkulima anafungua tuta, anapokea, anafunga. Ni akili ya wazee waliokaa na mto huu karne nyingi, na haihitaji hata tone la dizeli.

Lakini inahitaji kitu kimoja: mto uwe na nguvu ya kutosha kulaza maji baridi juu ya yale ya chumvi. Mto ukiwa mnyonge, bahari ile ile iliyokuwa inawamwagilia inawapandishia chumvi. Bibi alituonyesha vipande viwili ambavyo havilimwi tena. Udongo ulikuwa na weupe mwembamba juu, kama unga uliomwagika. Miembe miwili kando yake ilikuwa imekauka kuanzia kileleni. Alivigusa vile vigogo kwa kiganja alipokuwa akipita, kama mtu anavyomgusa mgonjwa.

Chakula cha mchana kilichelewa hadi saa tisa, na hilo nitalirudia. Kilipokuja kilikuwa wali wa nazi wa mchele wa pale pale, kamba wa mchuzi na kambare wa kukaanga, tukala chini ya mkungu. Hapo nahodha akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, akacheka kwa furaha, akaacha kuniita dada, akaanza kuniita fundi. "Fundi, wewe umetoka kwenye bomba, sisi tuko kwenye mfereji. Hebu tueleze huko juu mnafanya nini."

Nikachora kwenye daftari. Nilimwonyesha mabwawa matano, moja nyuma ya jingine: Masinga juu kabisa, halafu Kamburu, Gitaru, Kindaruma, na Kiambere chini. Kindaruma ndilo la kwanza, la mwaka 1968. Kamburu lilikuja 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa jumla mitambo yao inafika karibu megawati 600, na Gitaru peke yake ni 225. Masinga lina megawati 40 tu, lakini ndilo ghala. Lilijengwa kubeba mita za ujazo milioni 1,560 za maji, ili mvua ya masika ihifadhiwe na kutolewa kidogo kidogo mwaka mzima, mitambo ya chini isisimame.

Nahodha aliutazama mchoro muda mrefu, akaweka kidole kwenye Masinga. "Mwaka gani hili?" Nikarudia: 1981. Akasema baba yake alikuwa na msemo kwamba mafuriko ya mwezi wa tano yalianza kuchoka mwaka ule nahodha alipozaliwa. Yeye amezaliwa 1982. Baba yake hakuwahi kuona ukuta wa Masinga hata kwenye picha. Aliupima kwa miguu yake, akiwa amesimama shambani akingoja maji.

Naomba msomaji univumilie hapa kidogo, maana hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kubonyeza nyota na kuondoka.

Katika kazi yangu, stima inayopanda na kushuka ni ugonjwa. Friji inaungua, pampu inakufa, mteja anapiga simu usiku. Dawa yake ni stebilaiza: unapokea umeme wenye fujo upande mmoja, unatoa umeme tulivu upande wa pili. Nimefunga mamia. Na nilikuwa naamini, bila kufikiri sana, kwamba mabwawa ya nyumbani yanaufanyia mto hisani hiyo hiyo. Mvua inakuja kwa fujo, ukuta unaipokea, mto unatoka umetulia. Kuna ubaya gani?

Ubaya wake niliuona Ozi. Mto huu ulikuwa ukifurika mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya vuli, na kila kiumbe cha hapa chini kilipanga maisha yake kwa kupanda na kushuka huko. Kambare na tilapia hutoka mtoni mafuriko yakija, wakaenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, huko ambako watoto wao wanapata chakula na mahali pa kujificha. Mapinda ya zamani yaliyoachwa na mto, yale yanayokuwa maziwa ya pembeni, hujazwa upya na kupokea samaki wapya. Yasipojazwa yanakuwa dimbwi, halafu tope, halafu malisho makavu. Malisho nayo yanategemea mafuriko: Waorma huleta ng'ombe kwenye delta wakati wa kiangazi kwa sababu nyasi za hapa humea maji yakishuka, wakati kwingine kote kumeungua. Na ile chumvi ya udongoni huoshwa na mafuriko, si na mto mtulivu unaopita ndani ya kingo zake.

Kwa hiyo stebilaiza ile ile inayomsaidia mteja wangu Bamburi inamkata pumzi kambare wa Ozi. Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo, na nimeishi pande zote mbili.

Halafu kuna jambo lililoniuma zaidi. Mabwawa hayazuii mafuriko makubwa. Ghala likijaa, limejaa. Kinachoingia lazima kitoke. Novemba 2023 barabara ya Garissa na Madogo ilikatwa na maji, na Aprili na Mei 2024 mabwawa yalijaa pomoni, mto ukabeba nyumba na mashamba. Bibi wa Ozi alisema kwa lugha yake mwenyewe: "Yale maji ya heri hatuyapati. Yale ya shari yanatufikia." Mafuriko ya kadiri, yaliyokuwa yakipanda polepole na kila mtu akiyajua kwa majina, ndiyo yanayobaki ghalani kwa sababu ghala lina nafasi. Yale ya kuangamiza ndiyo yanayopita, na yanakuta watu wameshasogea chini karibu na maji, kwa sababu miaka mingi maji hayakufika.

Na tope. Nyumbani tunajua Masinga linajaa udongo kutoka mashamba ya Murang'a na miteremko ya Aberdare. Ukiangalia kipindi cha mvua utaona maji mekundu yakiingia. Sisi huona hasara kwa sababu nafasi ya maji inapungua. Sikuwahi kuwaza kwamba udongo ule ulikuwa na mwenyewe huku chini. Delta imejengwa kwa tope. Maji yanayotoka mitamboni yameacha mzigo wake ziwani, na mto usio na mzigo huwa na njaa. Hula kingo zake mwenyewe njiani kutafuta udongo.

Sasa niseme mahali ambapo sikukubaliana na nahodha, kwa sababu tathmini ya haki lazima iseme na hili. Yeye analaumu mabwawa kwa kila kitu. Nilimwambia kwa heshima kwamba hesabu haiko hivyo. Wakati wa kiangazi kikali, mitambo lazima izunguke, kwa hiyo mabwawa yangepaswa kuupa mto maji zaidi ya yale ambayo ungekuwa nayo wenyewe. Lakini maji hayo yana wengi wanaoyangoja njiani. Mashamba ya Hola na Bura yanachota. Nairobi nayo inachota huko juu kabisa, kwani bwawa la Ndakaini, lililo kwenye mto Thika, linakinga maji ambayo yangeshuka Tana. Ukame umeongezeka. Na mto wenyewe umewahi kusogezwa na binadamu kabla ya mabwawa yoyote: mfereji wa Belazoni, uliochimbwa karne ya 19 enzi za Sultani wa Witu, ndio uliouvuta Mto Tana utokee hapa Kipini. Nahodha alilijua hilo la Belazoni kuliko mimi, na alikubali kwamba ni kweli, mto huu umeshikwashikwa na wengi. Ila akaongeza jambo ambalo sikuweza kulijibu: "Fundi, hao wengine wote wananyang'anya maji. Huyu wa ukuta ananyang'anya wakati."

Nililiandika nikalipigia mstari.

Mimi sitaki mabwawa yabomolewe. Nina dada yangu aliyejifungua mtoto njiti Embu, akalelewa kwenye mashine inayotumia stima hiyo hiyo, na sasa yuko darasa la nne. Ninachotaka ni mto upewe mwezi wake. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataja akiba, yaani kiasi cha maji kinachopaswa kubaki mtoni kwa mahitaji ya watu na kwa uhai wa viumbe. Kule bonde la Mto Senegal, bwawa la Manantali limewahi kufunguliwa makusudi ili mashamba na malisho ya chini yapate mafuriko. Haiwezekani kila mwaka, naelewa. Maji yakiachiliwa bure mitambo inapoteza, na mwaka wa ukame tungelala gizani. Lakini mwaka ambao Masinga linajaa mapema, kuyaachilia kwa mpango mwezi wa tano, kwa kadiri, watu wakiwa wameambiwa, ni bora kuliko kungoja yamwagike yenyewe usiku. Hilo nalisema kama fundi, na nalisema nikiwa mtoto wa Mbeere.

Turudi kwenye huduma. Mchana wa kurudi injini ilizimwa kwa karibu saa nzima na mwana wa nahodha akapiga kafi, na hapo ndipo ndege walipotokea. Yangeyange walikuwa mamia, mwari wakaelea kama mitumbwi, furukombe wawili wakaitana juu ya mkoko, na korongo wale ambao mdomo wao haufungi katikati, wanaokula konokono, walisimama kwenye tope safu nzima. Kijana anawajua wote kwa majina na anajua nani anakula nini. Alituonyesha viboko kwa mbali, akakataa katakata kuwasogelea ingawa mume wa yule mama alimsihi apate picha. Namsifu kwa hilo. Nimelelewa karibu na viboko. Picha haina thamani hiyo.

Nyumba ya kulala ni ya kawaida: vyumba vinne vya makuti, upepo mzuri, bafu la ndoo. Taa za sola zilikuwa zikififia na kurudi, mama wa nyumba akaomba radhi, akasema betri imezeeka. Nikaomba kiti, nikapanda, nikakuta waya umelegea kwenye kidhibiti chaji. Nikaukaza, taa zikasimama. Asubuhi nilikuta mahamri yangu yamewekwa sahani ya peke yake, na mbaazi zimejazwa mpaka ukingoni. Jiko la nyumba hii ni zuri kuliko hoteli nyingi nilizolala Malindi, na nasema hivyo nikiwa nimelala nyingi kwa ajili ya kazi.

Msitu wa siku ya tatu ni wa wenye subira. Ni mwendo mrefu wa gari kaskazini mwa Garsen hadi misitu ya kingo za mto, upande wa hifadhi ya nyani iliyotengwa mwaka 1976. Misitu hii ni vipande tu vilivyobaki, lakini ni jamaa wa misitu ya Kongo, masalia ya zamani ambapo msitu ulivuka bara hili. Ndani yake wako nyani wa aina mbili wasiopatikana mahali pengine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Mbega tuliwaona kundi moja, juu sana kwenye mkuyu, kichwa chenye rangi ya kutu kikitokeza kwenye majani. Mangabei tuliwasikia zaidi kuliko kuwaona. Walikuwa chini kwenye mikindu wakipasua kokwa.

Mwongozaji wa huko, mzee wa Kipokomo, alitufundisha kutazama chini badala ya juu. "Angalieni watoto wa mti," alisema. Tukaangalia. Mikuyu mikubwa ilikuwepo, yenye mashina ya kukumbatiwa na watu watatu. Miche yake ilikuwa haba. Alisema mbegu za miti hii zinataka udongo mpya uliolowa, ule ambao mafuriko huuacha, na mizizi ya miti michanga inataka maji ya ardhini ambayo mafuriko huyajaza. Mto usipopanda, mti mzee unaishi kwa kuzoea, lakini hauachi mrithi. Na mto usipohama kitanda chake, hakuna fungu jipya la mchanga kwa msitu mpya kuanza. Mbali na hayo kuna shoka na mashamba, alikiri bila kuficha. Nilimtazama yule mbega akila majani machanga, nikawaza kwamba hajui chochote kuhusu Masinga, na mti anaokalia una umri mkubwa kuliko ukuta.

Sasa malalamiko, na ninayatoa kwa upendo. La kwanza ni kubwa: jaketi za kuelea zilikuwa tano kwa watu tisa, na hakukuwa na hata moja ya saizi ya mtoto. Kwenye mto wenye mamba na viboko, na mdomo wenye mawimbi, hilo halikubaliki. Nilimwambia nahodha usoni, akainamisha kichwa, akasema atanunua msimu huu. Nitamkumbusha. La pili ni chakula cha mchana saa tisa. Mtoto alikuwa ameshalia mara mbili. Hakuna choo kati ya Kipini na Ozi, jambo ambalo akina mama wanapaswa kuambiwa kwenye simu kabla ya kuondoka. Chandarua changu kilikuwa na tundu, na mbu wa delta hawahitaji la pili. Bei ya msitu nayo ilitajwa siku ile ile. Afadhali itajwe mapema mtu ajipange.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ile moja inazuiwa na jaketi, na zikinunuliwa nitairudisha.

Itamfaa nani? Mwalimu mwenye wanafunzi wa jiografia, aje nao bila kufikiri mara mbili. Mpenda ndege pia. Anayetaka muziki na bwawa la kuogelea abaki Watamu. Na mtu yeyote wa Embu, Machakos, Kitui au Murang'a, aliyekulia akiuona Mto Tana ukipita au ukisimama, namwomba aje mara moja aonje kikombe kile.

Mimi narudi. Mama yangu alifua nguo kwenye mto huu kabla Kamburu halijajengwa, na miaka yote tangu hapo amekuwa akiutazama ukiwa ziwa. Hajawahi kuona unakoishia. Nimemwekea nafasi ya bamvua ya mwezi wa tano mwakani. Nahodha ameniahidi kumkalisha mbele, upande wa kikombe, na mimi nimeshanunua jaketi mbili, yangu na yake, moja ya buluu na moja ya machungwa.